Kitufe cha Kanga

Mwantumu Mhina alifika kwa wifi yake baada ya swala ya adhuhuri, akamkuta ameketi kitini, ameinama mbele, mto mapajani na paji la uso juu ya mto, kama mtu aliyepitiwa na usingizi msibani. Ndivyo alivyokuwa akilala kwa siku ya tano sasa. Akijinyoosha chali, kifua kilimchoma. Akiinama, maumivu yalilegea kidogo na pumzi ikapita.

"Umekuja mikono mitupu tena," Mwanamvua alisema bila kuinua kichwa. "Hivi kaka yangu alioa nini?"

"Alioa masikio," Mwantumu akamjibu. "Chakula alijua atakula kwako."

Mwanamvua alianza kucheka. Kicheko kikakatika katikati, akajishika kifua, midomo ikageuka rangi ya majivu. Mwantumu alitua mkoba wake chini. Utani ukaishia hapo.

Chini ya titi la kushoto la wifi yake lilikuwa limebandikwa gamba, kile kipande chembamba, duara kama kizibo cha chupa, ambacho kila mtu mzima wa Muheza alikibandika tangu mwaka ule bahari ilipoingia visimani. Gamba lilisikiliza moyo na pumzi usiku na mchana, likapeleka sauti Kituoni, na huko mashine iliyoitwa Msikizi ikaamua nani mzima na nani mgonjwa. Taa ya gamba la Mwanamvua ilikuwa ya kijani. Kijani maana yake huna neno. Siku tano mtu halali, na taa imekaa kijani. Zahanati walikuwa wamemrudisha nyumbani mara mbili kwa sababu ya kijani hicho, wakamwambia ni kiungulia, apunguze pilipili.

Mwantumu hakuwa daktari. Alikuwa msikilizaji mkuu wa Kituo, mkuu wa wanawake kumi na wawili walioketi na spika masikioni, wakisikia sauti ambazo Msikizi hakuzielewa na kumwambia ni za nini. Alitoa stetoskopu ya zamani mkobani, akaifikicha viganjani ipate joto, akaiweka kifuani pa wifi yake.

Akasikia mkwaruzo. Ulikuwa mkavu, wa karibu, kama nyayo mbili za viatu vipya zikisuguana. Alikuwa ameusikia mara elfu nyingi, aliujua kama anavyojua mlio wa mlango wa nyumba yake, na kila alipousikia mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitufe kilekile cha mezani pake Kituoni, kile cha kusema ni nguo tu.

Aliondoa stetoskopu akamtazama Mwanamvua. Alikuwa ametoka kuoga. Kiunoni alikuwa na sketi, juu hakuwa na kitu. Kanga zake zote mbili zilikuwa uani, kwenye kamba, zikichuruzika maji.

"Zuia pumzi, wifi."

Mwanamvua akazuia. Nguo hufuata pumzi. Kifua kikitulia, nguo nayo hutulia. Huu mkwaruzo haukutulia. Uliendelea na moyo, mara tatu kwa kila pigo, kwa haraka, bila huruma.

"Mbona umekodoa macho hivyo?" Mwanamvua aliuliza. "Unanitisha."

"Vaa. Tunakwenda hospitali."

"Gamba linasema mzima."

"Gamba nimelifundisha mimi," Mwantumu alisema. "Vaa."

*

Hospitalini daktari wa zamu alipitisha sindano ndefu chini ya mfupa wa kifua, akavuta maji yenye rangi ya ukwaju, karibu nusu lita. Alieleza akiwa anavuta, kwa sauti ya mtu anayesema na mikono yake. Moyo umevikwa mfuko wa ngozi mbili nyembamba, na kati ya ngozi hizo huwa kuna utelezi kidogo ili moyo upige bila kukwama. Ngozi hizo zikivimba, zinasuguana. Zikiendelea kuvimba, zinatoa maji, na maji yakijaa yanaubana moyo mpaka unashindwa kufunguka. Aliuliza mgonjwa anakunywa dawa gani. Mwantumu akamwambia Ndimia ya Pili, ile ya kuzuia mawe ya figo, kama watu wote. Daktari akaandika, akaguna, akasema huyu ni wa nne wiki hii, na wote magamba yao kijani.

Mwanamvua alilala chali kwa mara ya kwanza baada ya siku tano. Mwantumu hakubaki kumtazama. Alitoka na hasira, akatembea kwa miguu hadi Kituoni, na njiani hasira ile ikaanza kumgeukia yeye mwenyewe.

Maana kitufe alikizaa yeye. Miaka mitatu nyuma, juma la kwanza la kazi, wahandisi waliwakalisha wasikilizaji wakawapigia sauti ambazo zimeishinda mashine. Ikaja sauti ya kukwaruza. Wahandisi hawakuijua. Mwantumu aliicheka. Akawaambia hiyo ni kanga mpya, haijafuliwa, bado ngumu ya dukani. Mwanamke kaifunga kifuani na inasugua gamba. Wanawake wote chumbani wakaitikia, wengine wakapiga makofi, na mhandisi mmoja akafurahi mno kufunzwa jambo la wenyeji. Kesho yake kila meza ilikuwa na kitufe kipya kilichoandikwa KANGA.

Siku ile alisema kweli. Ile ilikuwa kanga. Lakini miezi kumi na moja iliyopita, siku chache kabla ya Idi, Kituo kilibadilisha dawa. Mikwaruzo ikaongezeka mara tatu. Mwantumu ndiye aliyeandika ripoti, na aliikumbuka neno kwa neno: ongezeko ni la sikukuu, watu wamenunua kanga. Idi ikapita, kanga zikafuliwa, zikalainika, zikafifia rangi. Mikwaruzo ikabaki. Hakuna aliyeuliza. Na Msikizi, mwanafunzi hodari asiyechoka, akawa ameshajifunza kwa wanawake kumi na wawili wa Muheza kwamba sauti hiyo ni takataka, akawa anaifuta mwenyewe kabla sikio la daktari halijaifikia.

Aliketi mezani pake saa kumi jioni, wenzake wakifunga mikoba kwenda nyumbani. Sauti zilizofutwa hazikutupwa kabisa. Zilirundikwa kwenye jaa la seva. Aliamuru Msikizi ampe zile za kanga tu, kisha achague zile ambazo mkwaruzo uliendelea wakati pumzi imesimama, katika kile kituo kifupi ambacho kila mtu hukifanya kati ya kutoa na kuvuta. Swali jepesi. Mtoto wa darasa la sita angeliuliza. Mashine ilijibu kabla hajajiweka sawa kitini.

Kabla ya dawa mpya, kwa miaka miwili mizima, watu wanne. Baada yake, watu mia sita na kumi na mmoja.

Mia mbili na sita walikuwa wanaume.

Alizitazama tarakimu hizo mpaka zikaanza kucheza. Wanaume mia mbili na sita wamefunga kanga mpya vifuani, miezi kumi na moja, mchana kweupe. Na kumi na saba kati ya wote walikuwa wameshaondolewa kwenye orodha ya walio hai. Sababu iliyoandikwa ilikuwa moja kwa wote: kifo cha ghafla. Mtu aliyekwaruza miezi mitatu masikioni mwa Kituo, anaandikiwa ghafla.

Hakuchapisha kitu, kwa kuwa kila kilichochapishwa kiliwekwa kumbukumbu. Alichukua daftari, akanakili kwa kalamu majina yote mia sita na kumi na mmoja, na mbele ya kila jina idadi ya mara ambazo moyo wa mtu huyo uliitwa nguo. Vidole vilimkakamaa. Alipofika M alikuta jina la wifi yake, mara thelathini na mbili. Akafungua rekodi ya jina hilo moja: kumi kati ya hizo alizibonyeza Mwantumu mwenyewe, kwa mkono wake, pengine akiwa anakunywa chai.

*

Daktari Elisante Mrutu alikuwa bado ofisini. Ndivyo alivyokuwa, wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka, mtu mrefu wa milima ya Upare, mpole wa sauti, na mji ulimpenda kwa haki. Maji ya visima yalipogeuka chumvi na chokaa, watu wakaanza kuota mawe kwenye figo. Mwaka ule wa mawe Muheza ilizika watu wanne au watano kila juma. Mrutu ndiye aliyechukua asidi ya sitriki ya machungwa yao wenyewe akaifanya unga wa kunywa, unaoshika chokaa isigande mwilini. Wakauita Ndimia. Vilio vikakoma. Kasoro yake ilikuwa moja: mwili uliutoa upesi, kwa hiyo ilibidi kuunywa mara tatu kwa siku, na watu ni watu, walisahau. Ndipo akatengeneza Ndimia ya Pili. Aliziunganisha chembe za asidi ile zikawa mnyororo mrefu unaokatika polepole, ukimeza mara moja inakutosha mwezi. Ambacho hakuna aliyejua ni kwamba vipande vya mnyororo huo vilikuwa vinakwenda kukaa kwenye mfuko wa moyo, na mwili ukavikuta huko ukaanza kupigana navyo.

Alisoma daftari mara mbili. Akavua miwani.

Hakubisha, na hilo lilimkera Mwantumu kuliko kubishiwa. Alikiri kwamba mwezi wa tano mhandisi mmoja alikwisha kuuliza habari ya wanaume. Yeye alimjibu kwamba wanaume wa pwani hujifunika kanga za wake zao. Kikao kizima kilicheka. Mwantumu alikuwemo kwenye kikao hicho, na alicheka pia.

Kisha Mrutu akaeleza anachotaka. Uchunguzi wa ndani, miezi sita. Kitufe kiondolewe kimyakimya, Msikizi afundishwe upya, wagonjwa waitwe mmoja mmoja bila kelele. Dirisha la dawa, kesho Alhamisi, lifunguliwe kama kawaida.

Mwantumu alimkumbusha kwamba dirishani watu hawachukui dawa kwenda nayo nyumbani. Wanaimeza palepale mbele ya karani. Ikishashuka haitoki, inakaa mwezi mzima.

"Mwaka wa mawe ulikuwepo, Bi Mwantumu?"

Alikuwepo. Baba yake alikaa siku tatu bila kupata haja ndogo, akipiga ukuta kwa kichwa, na alipokufa watu walishukuru.

"Basi unajua," Mrutu alisema. "Ukisimama kesho ukasema Ndimia ya Pili inaua, hakuna atakayelisikia hilo 'ya Pili'. Watasikia Ndimia. Watamwaga yote."

"Ghala limejaa ya Kwanza. Wapeni hiyo."

"Mara tatu kwa siku? Tulishaona. Walisahau, wakafa kwa kusahau. Nimewazika mimi. Wewe na daftari lako mna mia sita. Nikuonyeshe makaburi yao?"

"Akisahau amesahau mwenyewe, na yupo wa kumkumbusha," Mwantumu alisema. "Hawa hawakusahau, Daktari. Walikuja dirishani siku waliyoambiwa, wakafungua midomo, wakameza. Miili yao ikapiga kelele, na kelele zikatufikia. Sisi ndio tulioandika nguo."

Mrutu alivaa tena miwani. Kisha akafungua kompyuta, akachapa kwa muda, karatasi ikatoka, akaisukuma juu ya meza. Ilisema kwamba hitilafu ya kutambua sauti imegunduliwa Kituoni, kutokana na upungufu wa mafunzo ya wasikilizaji. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya Mwantumu. Neno dawa halikuwemo popote.

Damu ilimpanda Mwantumu hadi macho yakaona ukungu. Karatasi haikusema uongo, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Alikosea kweli. Alibonyeza kweli. Lakini kosa lake lilikuwa limechukuliwa likafanywa kifuniko, na chini ya kifuniko chungu kilikuwa bado kinachemka.

"Nitatia sahihi," alisema.

Mrutu akainua uso.

"Langu nalikubali. Lako andika wewe."

Akaandika jina lake kamili, na chini ya jina akaongeza kwa mkono: *Wamevimba mfuko wa moyo kwa Ndimia ya Pili. Wanaume mia mbili na sita.* Akamrudishia. Mrutu aliitazama karatasi kwa muda mrefu, mkono wake wa kalamu ukasogea mara moja, kisha akaikunja mara nne akaitia mfukoni mwa shati. Hakuandika kitu. Mwantumu alipofika getini, kadi yake ilikuwa imekwisha kufungwa, na mlinzi aliyemjua miaka mitatu alilazimika kumfungulia kwa ufunguo, akitazama pembeni. Daftari lilikuwa tumboni, chini ya baibui.

*

Asubuhi saa mbili foleni ilishazunguka uwanja wa ghala mara moja na nusu. Watu walikuwa wamekuja na miavuli, na vigoda, na habari za jirani. Karani alikuwa anapanga vikombe.

Mwantumu hakujua kuhutubia. Usiku alikuwa ametunga maneno mazuri, asubuhi hayakuwepo. Alisimama mbele ya mtu wa kwanza kwenye foleni akamwambia alichokijua, kisha wa pili, kisha wa tatu, kama mtu anayegawa kitu. Aliwaambia jina lake na kazi yake. Aliwaambia dawa ya dirishani leo ni ya Pili, na ya Pili inawachoma wengine mfuko wa moyo. Ya Kwanza haina tatizo hilo, waiombe hiyo, wainywe asubuhi, mchana na jioni, wasiiache, kwa sababu mawe bado yapo majini. Anayeumwa kifua akilala na kupata nafuu akiinama aende hospitali leo, hata kama taa yake ni ya kijani.

Mtu wa kwanza alikuwa mama mnene mwenye haraka. Alimsikiliza hadi mwisho, akasema ana mkate jikoni, akameza. Wa pili akatoka kwenye foleni akasimama kando, anafikiri. Wa tano alimwita mchawi.

Na alichosema Mrutu kikatokea, upesi kuliko alivyosema. Katikati ya foleni neno lilishageuka likawa Ndimia ni sumu. Binti mmoja mwenye mtoto mgongoni alichomoa kutoka mkobani kopo la ya Kwanza, lile la mtoto, maana watoto bado walipewa hiyo, akalimwaga mchangani. Mwantumu alimkimbilia, akamshika mkono, akamwambia si hiyo, hiyo ndiyo nzuri, mwanangu, hiyo ndiyo ya kumpa. Binti alijinasua. Alimtazama kwa macho ya mtu aliyeamua kutomwamini tena yeyote anayetoka kwenye jengo lile, na akaondoka. Mtoto alikuwa anacheka na kucheza na ncha ya mtandio wa mama yake. Mwantumu alisimama akiutazama unga ule mweupe mchangani, na kwa mara ya kwanza tangu jana hasira yake haikujua ielekee wapi.

Walinzi wawili walikuwa wanakuja kutoka upande wa ghala.

Ndipo mwanamume mmoja akajitoa kwenye foleni. Alikuwa fundi wa pampu, Kibwana Semndili, wengi pale walimjua. Mtu wa makamo, kaptula na mafuta ya mashine vidoleni. Hakukimbia. Alikuja akasimama karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, na walinzi walipomwona wakapunguza mwendo, kwa sababu alikuwa mfiwa.

"Mke wangu alikufa ameketi," alisema. "Tulimkuta asubuhi ameegemea meza. Anaitwa Nuruati Hoza. Yumo humo?"

Mwantumu alifungua daftari. Kurasa zilimgomea. Akapitisha kidole, akashuka, akasimama.

"Yumo."

"Mlimsikia?"

"Tulimsikia. Mara arobaini na moja."

"Wewe mwenyewe?"

Angeweza kusema hajui. Kwenye daftari hakukuwa na majina ya wasikilizaji. Lakini alikumbuka zamu zake, na alikumbuka mwezi ule.

"Mimi mwenyewe," alisema. "Sijui ni mara ngapi. Nilisikia moyo wake, nikaandika ni nguo."

Kibwana aliinua mkono, na Mwantumu hakurudi nyuma. Aliuona mkono ule ukiwa juu, mafuta kwenye mistari ya kiganja. Haukushuka kwake. Ulishuka begani kwa mlinzi wa kwanza, ambaye alikuwa amefika, ukamzuia hapo, kwa uzito, bila kumsukuma. Karani dirishani alikuwa ameacha kumimina. Foleni ilikuwa imeanza kukunjika, watu wa mwisho wakiulizana mbele kuna nini.

"Sema tena," Kibwana alimwambia Mwantumu. "Vyote. Ya Kwanza na ya Pili, na jina la mke wangu. Kwa sauti. Wa nyuma hawajasikia."

Mwantumu alifuta uso kwa kiganja, akawageukia watu, akaanza upya kutoka jina lake.